Sawa ya Baba

Kiharusi kilimwachia baba neno moja tu: sawa. Ukimuuliza kama ana njaa, sawa. Ukimuuliza kama maji ya kuoga yanamchoma, sawa, na huku mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, unakusukuma uondoke. Nilimuuguza mwaka mzima nyumbani kwake Subukia, nikajifunza kuuamini mkono. Mdomo niliuacha useme utakavyo.

Kaka zangu wawili hawakuwa na muda wa kujifunza. Walikuja Jumapili, wakala, wakamwambia baba amenenepa, wakaenda zao.

Kwenye kliniki Nakuru, siku pekee kaka mkubwa alipofuatana nasi, dada anayefundisha wagonjwa kuongea tena alituchorea ubongo nyuma ya kadi ya baba. "Kila sehemu iko na kazi yake, na inaweza kuifanya peke yake," alisema. "Lakini kabla itoe kitu nje, lazima iulize zingine. Za mzee haziulizani tena. Anaelewa kila kitu mnasema. Hiyo sawa inajitokea tu, msiihesabu." Kaka mkubwa aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Na kweli alielewa. Alielewa kwamba sasa ana baba asiyeweza kusema hapana.

Haikupita miezi miwili kaka zangu wakapata mnunuzi wa shamba, pamoja na kahawa ambayo baba aliipanda shina kwa shina. Nilipopinga, kaka mdogo alinijibu mbele ya watu, "Wewe ndoa ilikushinda, sasa unataka kurithi mzee akiwa hai?" Maneno hayo yalizunguka kanisa zima kabla ya wiki kuisha. Yananichoma hadi leo. Na mimi, mjinga wa kuogopa midomo ya watu, nikanyamaza.

Siku ya kwenda mbele ya bodi ya ardhi, ile inayoidhinisha mauzo ya mashamba, tulimvalisha koti lake la kanisani. Mwenye shamba huulizwa mwenyewe, familia ikiwepo. Mwenyekiti aliinama karibu naye.

"Mzee, umekubali shamba iuzwe?"

"Sawa," baba alisema. "Sawa, sawa." Na mkono wa kushoto ukaifagia fomu ya mauzo iliyokuwa mezani ikaanguka chini.

Kaka mkubwa aliiokota akicheka. "Huo mkono siku hizi hauna adabu."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Alinigeukia mimi. "Mama, wewe ndio unakaa na yeye. Amesema nini?"

Ubongo wangu mimi ulikuwa mzima. Kila sehemu ilikuwa ikiongea na zingine, na zote zilijua jibu. Niliwatazama kaka zangu, nikawatazama majirani waliojaa benchi la nyuma, wale wale wa kanisani.

"Amekubali," nikasema.

Baba alinigeukia polepole. Alikuwa amesikia, na alikuwa ameelewa. Mkono wake wa kushoto ukatulia mapajani.