Chupa za Pete ya Teluri

Asubuhi ya tatu mfululizo mumewe alirudi nyuma alipomsalimia. "Mke wangu, hivyo vitunguu saumu unavila wapi? Nyumbani havipo."

Hakucheka. Mwezi mzima hakuwa amegusa kitunguu saumu. Lililomuuma zaidi ni mtoto wa miezi saba aliyeshika ziwa, akaliachia, akalia.

Alikuwa mwosha chupa katika maabara ya chuo. Shule aliishia darasa la saba. Macho hayakuishia hapo. Akafuatilia, akaona harufu ile ya vitunguu humpata kila akiosha chupa zenye utando wa manjano kutoka meza ya mtafiti waliyemwita Miwani. Miwani alikuwa akitengeneza pete, si za kidoleni, bali atomu tano zilizoshikana duara: nne za kaboni, na moja nzito iitwayo teluri, ambayo si metali kamili. Karatasi ukutani ilisema anayechafua chupa ailoweke kwanza kwenye maji ya klorini, ndani ya kabati linalovuta hewa. Miwani, mtu wa haraka, alizileta hivyo hivyo.

Siku moja ya wiki iliyofuata Miwani alimsukumia trei yake.

"Dada, suuza tu. Kilichobaki hakijai hata kijiko."

"Kijiko hakijai, mimi kimenijaa. Sizigusi."

"Nina jaribio saa nne."

"Na mimi nina mtoto anayenyonya."

Msimamizi akasogea. "Mama, anayekataa kazi mlango anaujua."

Kazi ile aliihangaikia mwaka mzima. "Mlango naujua. Kwanza niitieni profesa."

Profesa, mama wa makamo aliyeongoza maabara, alibakiza hatua mbili kumfikia, akasimama. Akanusa.

"Tangu lini?"

"Wiki ya pili."

"Hiyo teluri imekuingia mwilini, sasa inatokea kwenye pumzi." Akamgeukia Miwani. "Kusoma karatasi moja kumekushinda? Vaa glavu, loweka mwenyewe." Kisha, kwa upole, "Mwanangu, mpeleke mtoto hospitali sasa hivi. Usimnyonyeshe mpaka daktari aseme."

Hilo lilimkata maini. Akavua aproni, akaifunga kwenye mfuko wa peke yake isichafue kingine. "Nakwenda. Lakini nikirudi, chupa isiyolowekwa sitaipokea. Iwe ya Miwani, iwe yako, profesa."

"Wala usiipokee."

Daktari alipima, akasema wasubiri mpaka harufu iishe. Siku kumi na mbili mtoto alilishwa kwa kikombe, huku mama akikamua maziwa asubuhi, mchana na jioni na kuyamwaga, ili siku ya ruhusa isikute ziwa limekauka.