Msalaba Ndani ya Bati la Halua

Juzi, muuzaji wa vitu vya kale kwenye soko la Matrah alinionesha medali ya askari wa Kijerumani, msalaba mweusi wa chuma. Aliusogeza mdomoni, akaupumulia, akaufuta kwa mkono wa dishdasha, kanzu yake. Pale pale nikakumbuka utoto wangu.

Babu yangu alikuwa akikusanya medali kama ile tangu alipokuwa Tanga. Wakati ule mimi sikulijua hilo. Nilichokijua ni kwamba mchana mmoja, nyumba ikinuka ubani na kiyoyozi kikinguruma, nilichungulia chumbani kwake nikamwona ameinamia msalaba, midomo juu yake. Akaurudisha ndani ya bati la halua, akalisukuma chini ya kitanda.

Aliposali laasiri nilikaa nyuma yake nikihesabu rakaa. Zilitimia nne, na bado sikumwamini.

"Bibi," nilinong'ona jikoni, "Babu kawa Mkristo. Nimemwona anabusu msalaba."

Bibi aliacha kukuna nazi. "Nna miaka namuuliza bati lile lina nini," alisema. "Kila siku ananambia karatasi tu."

Asubuhi yake Bibi alijitanda, akalibeba bati mpaka sokoni Matrah, akarudi bila ya bati. Babu hakugomba. Hakuuliza hata nani aliyesema.

Sasa najua alikuwa akizipumulia medali zake ili zing'ae.

Laasiri ya siku ile bati lilipoondoka, alitandika msala wake, akageuka kunitazama mlangoni.

"Njoo, mjukuu wangu," alisema. "Njoo unihesabie."