Sale Lililokatwa Mpakani

Jumatano, 24 Aprili 2024. Mvua siku ya nne mfululizo, ukungu mzito. Mlima haujaonekana tangu Jumapili.

Rukaya, muuza ndizi wa Soweto mjini, alifika Kirua Vunjo mlimani saa nne asubuhi na ndoo mbili za pilau iliyopikwa na akina mama wa msikitini. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga, siku ya tatu katika sita za Shawwal. Familia kumi na moja zilikuwa zimehamia kwenye madarasa ya shule ya msingi baada ya ufa kuonekana mlimani juu ya vihamba vyao, mashamba yao ya migomba na kahawa. Wote walikula, isipokuwa Mama Theodora, mjane wa miaka sabini na minane, aliyekataa kutoka nyumbani kwake.

Rukaya alikuwa amenunua ndizi kwa mama huyo kwa miaka kumi na minane. Rukaya alipofiwa na mume, Theodora alishuka mjini kila Jumatatu ya eda yake, Mkatoliki peke yake kwenye mkeka, akabeba na mtori wa ndizi.

Mama huyo hakuwa na ugomvi na shule. Mwaka juzi, mama akiwa amelazwa hospitali, mwanawe Wenseslaus aling'oa mibuni thelathini na sita ya marehemu baba yake ili apande maparachichi. Tangu hapo hawakusemezana, na mama aliamini kwamba akitoka tu, iliyobaki nayo itang'olewa.

Wenseslaus ni fundi wa kuchomelea, karakana yake ipo nyuma ya genge la Rukaya. Asubuhi ile Rukaya alipita kwake kabla ya kupanda.

"Mtumie mama yako jani la sale, kaka. Anayeletewa sale hakatai radhi. Nyie Wachaga ndio mlionifundisha."

Hakuvua hata miwani ya kazi. "Mama anapenda kubembelezwa. Wewe mwambie lolote analotaka kusikia, dada."

Njiani Rukaya aliyafikiria maneno hayo. Sheikh alikuwa amewafundisha kwamba anayesuluhisha watu kwa neno la heri hahesabiwi mwongo. Basi alipofika mpakani mwa kihamba cha mama, masale yalipopandwa mstari, alikata jani moja kwa kisu cha ndizi, akalipiga fundo kama alivyowahi kuona wengine wakifanya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwislamu wangu, umeniletea pilau au maneno?"

"Vyote viwili."

"Weka pilau. Maneno rudi nayo mjini."

Rukaya alicheka, akapiga goti, akalitoa lile jani kwa mikono miwili. "Wenseslaus amelituma. Anaomba radhi. Shuka, mama, ukalale kwangu."

Theodora alilishika, akaligeuza, akagusa mahali lilipokatwa. Palikuwa bado pabichi, panatoa maji.

"Hili limetoka Soweto?"

Rukaya aligeuka kutazama masale ya mpakani.

"Masale haya nimeyapanda mimi. Mtu ataniombaje radhi kwa kitu cha kwangu?" Akalirudisha mikononi mwa Rukaya, taratibu, bila hasira. "Mwambie aje nalo mwenyewe. Akija hata leo jioni, nashuka naye."

Rukaya alimpigia simu Wenseslaus palepale, akamweleza yote, la sale pia.

"Kesho asubuhi," alijibu. "Nina mageti mawili ya mteja hapa."

"Mlima haukusubiri wewe umalize mageti!"

"Kesho, dada."

Alimsihi mama mpaka Alasiri. Aliomba kulala naye hapo, Theodora akakataa. "Una watoto. Nenda ukafuturu." Akamfungia ndizi za kupeleka nyumbani, akasimama mlangoni mpaka mgeni wake akapotea kwenye ukungu.

Kabla ya alfajiri ufa uliachia. Udongo ulishuka na nyumba, migomba, na kaburi la mume wa Theodora.

Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, mvua ikiendelea, Rukaya alifika na wanaume tisa wa msikitini. Wenseslaus alikuwa ametangulia. Alikuwa akichimba kwa mikono, sale limebanwa kwenye mkanda wa suruali.

"Dada," alisema bila kuinua kichwa, "lile la jana, mwisho alilipokea?"

Ruhusa ileile ya sheikh ilikuwepo, na hapakuwa na mtu wa kumsuta.

"Hapana," Rukaya alijibu. "Alikuwa anakusubiri wewe."

Akachukua koleo, akaanza kuchimba upande uliokuwa jikoni.