Rota ya Kwenda Cusco

Likizo yetu ya Peru niliipanga kama ninavyopanga rota, yaani zamu za wodini, kwa jedwali na kalamu za rangi. Mtu akishafanya uuguzi miaka kumi na tisa katika jiji la Birmingham, hajui tena kupanga maisha kwa njia nyingine. Kijani ni zamu ya asubuhi, buluu ni zamu ya jioni, nyekundu ni siku ndefu, ile ya kuingia kabla ya jua na kutoka miguu imevimba. Basi Jumatatu yetu ya kwanza pale Cusco ilikuwa nyekundu: kutua saa nne asubuhi, kutupa mizigo hotelini, kupanda kwa miguu hadi magofu yaliyo juu ya mji, kushuka sokoni, kuingia kanisa kuu, kula. Jumanne nyekundu. Jumatano nyekundu yenye nyota, maana yake kuamka alfajiri mbichi kwenda kuuona ule mlima wenye mistari ya rangi.

Rafiki yangu alilitazama jedwali lile mezani kwangu, pale Ladywood, kwa muda mrefu. Akavaa miwani. Akaivua.

"Shoga, na day off i wapi?"

"Si yote ni off? Tuko likizo."

"Hii ni rota hii," akasema. "Yaani nimeomba leave nikafanye long day Peru?"

Rafiki yangu huyu ni mtu wa Mombasa, mimi ni mtu wa Kinangop, kule juu kwenye baridi na viazi. Tulikuja nchi hii mwaka mmoja, tukapanga vyumba viwili katika nyumba moja Aston, karibu na uwanja wa mpira. Siku za mechi hatukuweza kutoka wala kuingia. Tuligombana kila siku kuhusu dirisha la jikoni: mimi nataka liwe wazi, yeye anataka lifungwe na hita iwashwe hata Juni. Ukutani palikuwa na kalenda aliyoiacha mpangaji wa zamani, ina picha ya yale magofu ya Machu Picchu yamezungukwa na ukungu, na hakuna aliyejishughulisha kuigeuza, kwa hiyo tuliishi katika mwezi wa Oktoba mwaka mzima. Tukawa tunasema tutakwenda. Tulisema hivyo kwa miaka kumi na tisa, kama watu wanavyosema wataanza mazoezi.

Kisha Januari mwaka huu akaniambia kwamba anarudi nyumbani Septemba, na harudi tena huku. Nyumba yake ya Kisauni imekwisha kujengwa, mama yake amezeeka, na yeye mwenyewe amechoka na giza la saa kumi jioni. Aliniambia tukiwa kituo cha basi, kwa sauti ile ile ambayo angeniambia basi limechelewa.

Nilimwambia hongera. Nikamwambia nimefurahi. Sikufurahi hata chembe. Nilikasirika, tena nilimkasirikia yeye, nikarudi nyumbani nikasugua oveni ambayo haikuwa chafu. Wazazi wangu wamefariki, ndugu zangu kila mmoja ana mambo yake, sikuolewa na sina mtoto. Katika jiji lote hili, mtu anayejua kwamba sipendi vitunguu vibichi na kwamba mimi hucheka kwenye mazishi kwa woga ni yeye peke yake. Lakini hilo sikulisema. Jumamosi iliyofuata nilimpigia simu nikamwambia, "Basi twende Peru kabla hujaondoka," naye akasema haya, na tangu siku hiyo hatukuligusa tena neno Septemba. Tulizungumza Peru tu.

Na tuliizungumza kweli kweli. Kila Jumamosi ambayo sote hatukuwa kazini alikuja kutoka Tyseley kwa mabasi mawili, na mahamri ndani ya foili, nami nilikuwa na kompyuta tayari. Mimi nilitaka viazi. Nilikuwa nimesoma kwamba kule milimani wana viazi vya kila namna, vya zambarau, vyeusi, vilivyopindapinda kama vidole vya bibi, na mtu wa Kinangop hawezi kusikia habari hiyo akatulia. Yeye alicheka mpaka akaweka kikombe chini, akanitania kwa jina la kwetu la viazi.

"Uvuke bahari yote hiyo ukatazame waru!"

"Na wewe je? Umeweka alama kwenye chumvi."

Ni kweli, alikuwa ameweka alama kwenye mabwawa ya chumvi ya Maras, ambako maji ya chumvi hutoka ndani ya mlima na watu huyakausha kwenye vidimbwi vilivyopangwa ngazi kwa ngazi. Mtu wa Pwani, anasafiri hadi milimani kuona chumvi. Akajitetea kwamba chumvi ya baharini ni jambo la kawaida, lakini chumvi ya mlimani lazima uione mwenyewe ndipo uamini. Tukakubaliana: viazi vyangu, chumvi yake.

Mengine hayakukubalika upesi. Kule huchoma kinyama kidogo, mfano wa panya mnene asiye na mkia, na huletwa mezani kikiwa kizima na meno yake. Yeye alitaka kujua kimechinjwa na nani. Mimi nilitaka kujua kwa nini. Halafu kuna chai ya majani ya koka, yale yale yanayotengenezewa kokeini, ambayo wenyeji humpa mgeni kumtuliza kichwa kinachouma kwa sababu ya ule urefu wa mlima. Hapo sote wawili tulitazamana kama wauguzi.

"Tukirudi tupimwe kazini?" akauliza.

"Hatunywi."

"Hatunywi hata tone. Waniandikie barua eti nimepatikana na koka, na nimebakisha miezi mi—"

Akakata maneno, akachukua hamri. Mimi nikageukia kompyuta haraka nikauliza kama anapenda hoteli yenye bustani au yenye paa la kukaa.

Ule urefu wa mlima ndio uliotugombanisha hasa. Cusco iko juu sana, juu kuliko Kinangop, na kila tovuti inasema mgeni akifika apumzike, au afadhali ashuke kwanza kwenye bonde lililo chini yake alale huko siku mbili tatu. Mimi nilisoma maneno hayo kama mtu anayesoma onyo la watoto kwenye chupa ya dawa. Hayakuandikiwa mimi. Nimezaliwa juu. Nimekimbia kwenda shule juu, na dumu la maziwa mkononi. Wakimbiaji wa dunia nzima wanalipa pesa kuja kuvuta hewa ya milima yetu.

"Aki hiyo si kitu," nikamwambia. "Mimi ni mtu wa highlands. Wewe ndiye wa kuangaliwa."

"Ulishuka lini huko highlands?"

"Mapafu hayasahau."

Alinitazama kama anavyowatazama wazee katika ile nyumba ya kutunzia wazee anakofanya kazi, wanapomwambia wameshakunywa dawa na kidonge kinaonekana chini ya godoro. Akasema, "Hebu twende kwenye ngazi."

Ninakaa ghorofa ya kumi na moja. Siku ile lifti ilikuwa inafanya kazi, jambo ambalo si la kila siku, nasi tukaitumia kushuka hadi chini ili tupande kwa miguu. Tulianza pamoja. Mpaka ghorofa ya nne nilikuwa nikimsimulia habari za maziwa na shule. Ya sita nilikuwa nikisimulia kwa sentensi fupi. Ya nane sikuwa na hadithi. Ya tisa niliketi kwenye ngazi, nikajifanya nafunga kamba za kiatu, na kiatu chenyewe hakikuwa na kamba. Mwenzangu, aliyezaliwa mahali ambapo kilima kirefu kuliko vyote ni daraja la Nyali, alipanda mpaka mlangoni kwangu, kwa sababu yeye hutembea kwenda kazini kila siku na mimi hupanda basi vituo vitatu. Nikasikia sauti yake kutoka juu.

"Mtu wa highlands! U mzima?"

Akashuka, akanishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akahesabu mapigo ya moyo midomo ikitikisika kidogo. Hakuniambia idadi. Aliniambia tu kwamba angekuwa kazini angeita daktari.

Hata hivyo sikukubali. Nilikwenda kliniki ya wasafiri nikiwa na hakika kwamba mtaalamu ataniunga mkono. Muuguzi wa pale, mama wa makamo, aliniuliza kama nimezoea kuishi mahali pa juu. Nikasema ndiyo, nimezaliwa milimani. Akaandika. Akauliza nimeishi wapi miaka hii ya karibuni. Nikasema Birmingham. Akakata alichoandika. Akanieleza kwa upole kwamba mwili husahau urefu katika muda wa wiki chache tu, na kwamba kwa sasa mimi ni mtu wa Birmingham kama yeye. Yote hayo nayajua. Nimewaeleza wagonjwa mambo magumu kuliko hayo. Lakini niliumia. Nilitoka pale nimenuna kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, nikapanda basi hadi nyumbani nikiwaza kwamba mmoja wetu bado ana kwao na mwingine amepewa Birmingham.

Nikapanga upya. Sasa tungetua Cusco na kuchukua gari moja kwa moja kushuka bondeni, tulale Urubamba siku tatu, mwili uzoee, ndipo tupande treni ya kwenda Machu Picchu, na Cusco yenyewe tuiache mwisho. Ulikuwa mpango mzuri, ninausifu mwenyewe. Ule mlima wa mistari niliufuta kabisa, kwa uchungu. Rafiki yangu alipokuja Jumamosi iliyofuata nilimwekea jedwali jipya mbele, nikasubiri kusifiwa.

Alilisoma siku baada ya siku kwa kidole. Siku ya kwanza bondeni: mabwawa ya chumvi asubuhi, mashamba ya duara ya Moray mchana. Siku ya pili: soko la Pisac, magofu yake, wafumaji wa sufu. Siku ya tatu: viazi, asubuhi mpaka jioni.

"Umesema tutapumzika," akasema.

"Hiyo ni kijani na buluu tu. Hakuna nyekundu hata moja."

Akachukua kalamu nyeusi. Chumvi yake mwenyewe, aliyoililia tangu Februari, akaisogeza hadi siku ya tatu, pamoja na viazi vyangu. Kisha akaikata siku ya kwanza, mstari mmoja kutoka pembe hadi pembe. Akaikata ya pili.

"Hapa tutakaa," akasema.

"Tukae tufanye nini?"

"Tukae. Wasema hoteli ina bustani. Tutakaa bustanini."

"Siku mbili? Watu wanatoka mbali kuja kuona—"

"Tangu Januari wanikimbiza," akasema. Hakupandisha sauti. "Nikifungua mdomo, wanionyesha hoteli. Nikinyamaza, wanionyesha treni. Umeijaza safari mpaka hakuna pa kuweka neno. Waogopa nini?"

Nilisimama nikaenda kujaza birika ambalo lilikuwa limejaa. Ni rahisi kusema ukweli ukiwa umempa mtu mgongo, nimeliona hilo kwa wagonjwa mara nyingi, huzungumza wakati unatandika kitanda. Nikamwambia naogopa kwamba tukikaa mahali pasipo na kitu cha kutazama nitaanza kumwomba asiende, na sina haki ya kuomba hivyo, kwa sababu mama yake anamsubiri na nyumba yake imekwisha na yeye amechoka. Nikamwambia sitaki kumharibia. Nikamwambia nilisema hongera na haikuwa kweli.

Birika likaanza kuunguruma.

"Nilipowaambia kazini," akasema, "waliniuliza tarehe, ili watafute mtu wa kujaza nafasi. Mwenye nyumba aliniuliza tarehe. Watu wa msikitini wakasema mashallah. Nawe, wewe, ukanambia hongera. Miaka kumi na tisa nimekaa nchi hii, na hakuna mtu hata mmoja alonambia nisiende."

"Lakini utaenda."

"Nitaenda. Mamangu ni mzee, nitaenda. Lakini nataka kwenda nimeombwa nibaki. Mtu haondoki mahali kama mzigo ulofikiwa na zamu ya kutolewa."

Nikageuka. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya jedwali, miwani ameivua, na macho yake yalikuwa mekundu, yeye ambaye sijawahi kumwona akilia hata siku tuliyozuiwa uwanja wa ndege tukiwa na barua mbili za kazi na simu moja isiyo na chaji. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye, si ng'ambo ya meza kama siku zote.

"Usiende," nikamwambia.

Sauti yangu ilitoka mbaya, kama ya mtu mwenye mafua. Birika likajizima lenyewe. Alinishika mkono akaubana.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.