Mabwawa Mawili ya Mlisha Samaki

Mlisha samaki wa mabwawa yetu ya upande wa Gatumba hunusa kiganja kila anapomaliza kulisha, kana kwamba mkono si wake. Ni harufu ya unga wa mwani, majani ya bahari asiyowahi kuiona. Tulipata gunia moja kabla vikwazo havijafunga mipaka. Bwawa la kushoto hula pumba zenye unga huo, la kulia pumba tupu, nami hupima samaki kila Ijumaa. Yeye huchanganya kwa vidole vitatu, taratibu, akipiga mluzi mdogo kuwaita. Risasi zikilia milimani, huinua shingo tu, vidole haviachi. Lakini miezi miwili sasa samaki wa mabwawa yote mawili wana uzito uleule. Nimebadilisha mizani mara mbili, sielewi. Mkuu wangu amesema tofauti isipoonekana, mradi unafungwa.

Leo nimefika mapema nikamkuta kwenye bwawa la kulia, akimwaga unga wa mwani. Alinitazama kama mtu aliyekatizwa sala.

“Papa,” nikamwita mzee huyo, “hawa si wa mwani!”

“Dada, wote wanakuja ku mukono wangu. Niambie hawa mule, hawa muangalie? Apana, mi siwezi. Kwetu mu karitiye, ule mtaa wetu, walianza hivyo hivyo: kugawa watu, kisha risasi.”

Akanusa kiganja, akaniuliza kama kweli bahari inanuka vile. Nilisimama na daftari lenye safu mbili, mimi niliyetumwa kutafuta tofauti, huku samaki wa bwawa la kulia wakija juu kula.