Kambale alivuta, kidole hakikusikia

Leo samaki amenivuta, na mimi sikujua.

Ni wiki ya tisa tangu nipasuliwe kifundo cha mkono wa kulia. Mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa, kwa sababu ya kuchapa barua ofisini kutwa nzima. Leo nikasema niende mto Ruaha Mdogo na mjomba, tukavue kama zamani.

Sisi hatutumii fimbo. Unazungusha mshipi wa ndoano kwenye kidole cha shahada, unasubiri kidole kikuambie.

Changu hakikuniambia kitu.

"We mpwa, kambale anaondoka na mshipi! Unamuaga?"

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini.

Nikatazama mkono. Mshipi ulikuwa umekata kidole, damu inachuruzika.

"Haiumi?"

"Haiumi, mjomba."

Akaacha kucheka. Akanifunga leso, tukarudi nyumbani Kihesa.

Daktari alisema ganzi ingeisha ndani ya wiki sita. Jumatatu narudi kazini, na bosi nimeshamwambia mkono umepona.

Wewe uliyewahi kupasuliwa hivi, ganzi yako iliisha?

Kama haikuisha, tafadhali usiniandikie leo.