Gazeti la Detroit Lililolowa

Upande wetu wa mashariki wa Detroit alikuwako mtu aliyepima miji kwa mizani. Jina lake Leander Pettway. Nilikaa naye benchi moja kanisani miaka mingi, yeye pembeni kwa sababu ya mguu wake, mimi pembeni yake kwa sababu nilikuwa rafiki wa mkewe, marehemu Idella. Watu siku hizi wanaikumbuka ile mizani tu, mwenyewe wanamsahau, na mimi naona si haki.

Alizaliwa Alabama kwenye mashamba ya pamba, kama mimi. Akaja huku kaskazini kijana mdogo na sanduku lililofungwa kamba, maana mjomba wake alikuwa amemwandikia kwamba viwanda vya magari vinamchukua yeyote mwenye mikono miwili. Wakamweka penye tanuri la kuyeyushia chuma. Huko ndiko mguu ulikoharibika, na baada ya hapo akapewa kiinua mgongo kidogo na kuambiwa kwaheri. Hakunung'unika. Alifungua kibanda cha magazeti karibu na stesheni ya mabasi, akawa anasema Mungu amemtoa motoni akamweka penye upepo, na kwamba sala zinazofuata aziombe kwa uangalifu zaidi.

Kibanda chake kiliuza magazeti ya kwetu, na pia ya miji ya mbali, ambayo yalikuja na mabasi: Chicago, Atlanta, Dallas, Houston. Gazeti la Jumapili lilimfikia Jumanne. Zamani waliyanunua watu wenye kukumbuka kwao, wapate kusoma nani amekufa. Lakini ukaja mwaka ule wa themanini na mmoja, viwanda vikafunga milango kimoja baada ya kingine, na wanaume wazima wakaanza kupanga foleni kibandani kungoja gazeti la Houston, mji wa mafuta kule Texas. Hawakutaka habari. Walichomoa kurasa za nyuma, zile za matangazo ya kazi, na zilizobaki wakazitupa. Siku za upepo ungeona mambo ya siasa na picha za maharusi wa Texas zinapepea barabarani kwetu.

Mizani ilikuwa ya Idella. Ijumaa alikuwa akiuza samaki wa kukaanga dirishani kwake, na aliwapima kwa mizani ile ya sahani yenye mshale. Alipofariki, Leander hakuweza kuiona imekaa bure jikoni, akaihamishia kibandani. Basi asubuhi moja wanaume wawili wakabishana, mmoja anasema kazi ziko Dallas, mwenzake anasema Houston, karibu washikane makoti. Leander akachomoa kurasa za kazi za Dallas akaziweka sahanini. Akaziondoa, akaweka za Houston. Mshale ukashuka zaidi. Ubishi ukaisha.

Kuanzia hapo, kila Jumanne watu walisimama kwenye baridi wakingoja miji ipimwe.

"Mzee Leander, leo nani mnene?"

"Houston amenenepa, hata kupumua anashindwa. Dallas anamfuata. Cleveland mgonjwa, mwombeeni."

"Na sisi?"

Hapo aliziweka zetu, na mshale ukatikisika kidogo tu kama mtu anayesinzia. "Sisi," alisema, "tumefunga na kuomba."

Mizani haikukosa vituko. Jumanne moja Atlanta ilikuja nzito, haijapata kuwa hivyo. Kijana mmoja wa kwaya yetu, Alonzo, hakungoja hata kusoma. Alikwenda moja kwa moja kumuaga mchumba wake, wakalia vya kutosha, akapewa na leso ya kumbukumbu. Aliporudi kibandani kulichukua gazeti lake, mikono ikalowana. Paa la basi lilikuwa limevuja, na mvua yote ya njiani ilikuwa imeingia kwenye furushi la Atlanta. Ilibidi arudi kwa yule binti kumweleza kwamba haendi popote. Tangu siku hiyo, kanisani kwetu mtu akijisifu kupita kiasi, jirani yake humnong'oneza: "Polepole, Atlanta imelowa."

Kipindi hicho hicho redio ikatangaza kwamba idadi ya wasio na kazi mjini kwetu imepungua kidogo. Watu wakashangilia pale kibandani. Leander akaendelea kupanga magazeti.

"Hufurahi, mzee?" wakamuuliza.

"Ukiwatoa wagonjwa hospitalini ukawapeleka mji mwingine, vitanda vitabaki vitupu. Lakini aliyepona ni nani?" Akawaambia kuwa hata shemeji yake, aliyechoka kutafuta kazi akaamua kukaa nyumbani kuangalia dirisha, redio haimhesabu tena. "Yeye amechoka tu. Wao wanasema amepona."

Mmeona alikuwa mcheshi, na alikuwa hivyo kweli, lakini jambo lilipomfikia mwenyewe ucheshi ulimkauka. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Glynda. Glynda aliolewa na Wendell Crudup, kijana mtulivu asiyekunywa, na wote waliishi ghorofa ya juu ya nyumba ya Leander. Kila asubuhi binti alishuka, akamchemshia baba yake kahawa, akamkanda ule mguu kwa dawa, wakaomba pamoja ndipo mzee akaenda kibandani. Wendell akapunguzwa kiwandani. Akangoja kuitwa tena, hakuitwa. Posho ya kukosa kazi ikawa inakaribia mwisho, na kila Jumanne alisimama kwenye foleni ya mkwewe akiitazama Houston inavyoshusha mshale.

Alitaka kwenda. Glynda alitaka kumfuata mumewe na hakutaka kumwacha baba yake, na alikuja kwangu akalia mezani pangu. Nilimwambia aombe. Aliomba, na mwishowe akasema basi, mizani ya Baba iamue. Ikiwa Houston itaishinda Detroit kwa mbali, wataondoka. Ikiwa tofauti ni ndogo, Wendell atangoja hadi majira ya joto.

Jumanne hiyo mizani ililetwa nyumbani, ikawekwa juu ya meza ya jikoni. Nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimepeleka pai ya viazi vitamu. Leander alikuwa amevaa koti lake ndani ya nyumba, jambo ambalo hakulifanya kamwe, wala hakunitania kuhusu kofia yangu. Akaweka Houston. Mshale ukashuka ukapita ratili moja. Wendell akaguna kwa kuridhika. Kisha mzee akaweka Detroit, na mshale ukashuka, ukashuka, ukasimama karibu na palepale.

Wendell akainama kuutazama vizuri. "Sisi? Kwa kiwanda gani?"

"Mungu hamtupi mja wake," mzee akasema, lakini alikuwa akiangalia dirishani.

Glynda akanyoosha mkono kuziondoa zile kurasa, na vidole vyake vikanata. Alivitazama. Nilijua anatafuta namna ya kusema bila kumvunjia heshima aliyemzaa.

"Baba," akasema taratibu, "Detroit imelowa."

"Labda theluji."

"Leo hakuna theluji, Baba."

Nikatazama sinki, na sinki lilikuwa limejaa maji meusi ya wino. Wendell alianza kucheka, kisha akamwona mzee usoni, akaacha. Leander akalichukua gazeti lile, akalikamua juu ya sinki kama kitambaa cha vyombo. Halafu akafungua koti akatoa Detroit nyingine, kavu, aliyokuwa ameificha kifuani muda wote. Kumbe alikuja na zote mbili, hajajua ni ipi atakayoitoa. Akaiweka sahanini. Mshale ukasinzia.

"Nendeni," akasema. "Mizani haina kosa. Mwongo ni mimi."

Glynda akambusu kichwani kwenye upara. Hakuna aliyegusa pai.

Wakaondoka kabla ya Pasaka, vitu vimefungwa juu ya gari. Leander alibaki anajikanda mguu mwenyewe, vibaya, maana hakuweza kuinama. Sisi akina mama wa kanisa tulipokezana kumpelekea chakula. Alikula, akashukuru, akasema mkate wangu wa mahindi unafaa kujengea ukuta, nikajua anaendelea vizuri. Jumapili jioni Glynda alipiga simu. Wendell anapaka rangi matangi ya mafuta, akasema, na jua la huko ni kali lakini wanalizoea. Kila wiki habari zilikuwa hizo hizo.

Lakini Jumanne, kabla ya kufungua kibanda, mzee aliipima Houston peke yake. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ikaanza kushuka, na Houston ikaanza kukonda. Mwanzoni wakia chache tu. Watu wakamwambia mizani imezeeka, akaijaribu kwa mfuko wa sukari wa ratili moja, ikawa sahihi. Ikazidi kukonda. Wale waliokuwa wakipanga foleni wakapungua, wengine wakaulizia gazeti la Phoenix. Leander hakutangaza tena kwa sauti nani mnene. Kanisani alikaa ameinamisha kichwa hata wakati wa nyimbo za furaha.

Jumapili moja ya vuli, simu ilipolia nilikuwa jikoni kwake nakaanga kuku. Nilisikia akimuuliza binti yake Wendell anafanya kazi gani sasa. Nadhani aliambiwa ile ile ya matangi, kwa sababu alisema:

"Mwanangu, nimeipima Houston juzi. Usinipe gazeti lililolowa."

Nikazima jiko ili mafuta yasipige kelele. Mzee alisikiliza kwa muda mrefu, akiitikia "ndiyo, mama" tu, kama unavyomwita binti mdogo umpendaye. Baadaye ndipo nilijua yote. Wendell alikuwa amepoteza kazi zamani. Kila alipokwenda kuomba, waliitazama kwanza namba ya gari lake, maana namba zetu za jimbo la Michigan siku hizo zilikuwa nyeusi, na wenyeji walikuwa wameshawachoka watu wa namba nyeusi. Wakamwambia arudi alikotoka. Kwa wakati huo walikuwa wamejibanza kwenye chumba cha mtu, na Glynda alikuwa akiosha vyombo hotelini. Hawakusema kwa kuwa Wendell aliona aibu kurudi mikono mitupu kwenye nyumba aliyoiaga kwa kishindo.

"Mpe simu," Leander akasema. Kisha: "Wendell, sikiliza. Mimi nimelowesha gazeti kwenye sinki langu ili nikuzuie, mzee mzima, mbele ya Dada Vashti, mama wa kanisa. Na mpaka leo nakula kuku wake. Aibu haiui mtu. Njooni."

Walikuja. Glynda alishuka garini, hata hakuingia ndani kwanza. Alipiga magoti pale ngazini akaukunja mguu wa suruali wa baba yake aone mguu umekuwaje, akamgombeza sana.

Huku nako kazi hazikuwepo, nisidanganye. Jumanne Wendell alisimama tena kibandani, na miji yote sasa ilikuwa imekonda, hakuna wa kumcheka mwenzake. Mzee alianza kuogopa kwamba vijana wataondoka mara ya pili, na safari hii hana mji wa kuulaumu.

Ijumaa moja tulikuwa na chakula cha samaki kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, cha kuchangia paa. Shemasi Tolliver alikuwa akifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja, mkuu wa mitambo ya mvuke. Akiwa na sahani mkononi akamwambia Leander kwamba mwenzake anastaafu, na wakubwa wamemuuliza kama anamjua mtu asiyelewa wala kuchelewa.

"Wametangaza?" Leander akauliza.

"Watangaze ya nini? Wameniuliza mimi."

Leander alinyoosha kidole upande wa pili wa ukumbi, ambako Wendell alikuwa akipanga viti bila kuambiwa na mtu. Tolliver akamtazama, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na samaki wake. Jumatatu Wendell akaanza kazi.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta mzee jikoni kwake na ile mizani, maana siku hizo alikuwa ameirudisha nyumbani. Alikuwa amechana kikaratasi, ameandika juu yake kwa penseli: *Anatakiwa mtu wa mitambo ya mvuke, mwaminifu.* Akakiweka sahanini. Mshale haukujua hata kama kuna kitu. Akakigonga kwa kidole. Bado.

"Unaona, Dada Vashti," akaniambia. "Muda wote nilikuwa napima kazi zinazopiga kelele tu."

Nikamwambia zilizo kimya Bwana anazipima mwenyewe. Akasema hilo analijua, ila alitaka kuona.

Glynda aliingia na kambare wawili kwenye beseni, akamwambia baba yake asogee. Akakiondoa kile kikaratasi, akakitia mfukoni mwa aproni, akaweka samaki.